Breki Mbovu Ikishatoka Dukani, Nani Atairudisha?

Mwaka 2010 kundi la madaktari lilichapisha hesabu ambayo kila mwagizaji wa spea za pikipiki jijini Kampala angepaswa kuisoma. Walijumlisha gharama za kuwatibu majeruhi wa boda boda katika Hospitali ya Mulago, wakakuta zinameza asilimia 62.5 ya fedha zilizotengwa kwa kurugenzi nzima ya upasuaji. Zaidi ya nusu ya pesa za kupasulia vivimbe, matumbo na mifupa ya wagonjwa wote wa hospitali hiyo ilikuwa inakwenda kwa chombo kimoja cha usafiri.

Tangu hapo pikipiki zimeongezeka tu. Polisi ya Uganda iliripoti vifo 4,806 vya barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Ripoti zake za kila mwaka huweka lawama kubwa kwenye uzembe, mwendo kasi na kuovateki vibaya, na anayepita makutano ya Wandegeya saa kumi na moja jioni hatakuwa na sababu ya kubisha. Lakini dereva aliyekanyaga breki ikakataa, akamgonga mtu kwenye kivuko, naye huandikwa mzembe. Pikipiki yake inaburutwa hadi kituoni, inakaa juani, na mara nyingi inarudi barabarani bila mtu kufungua ngoma ya gurudumu kutazama kilichomo. Hapo ndipo biashara ya spea inapoponyoka hesabu yake. Faida ya kipuri kibovu hubaki dukani, na hasara yake hulipwa wodini.

Soko lenyewe ni kubwa na lina mpangilio wake. Boda za Kampala ni Bajaj Boxer kwa wingi, zikifuatwa na TVS, zote za India. Mashine hizi ni imara, ila kazi zinazopewa ni ngumu: abiria wawili na gunia la mkaa, lami ya Bombo Road asubuhi, changarawe za Wakiso mchana, matope ya Bwaise mvua ikinyesha. Kwa matumizi hayo boda ni pikipiki ya porini hata kama haikuundwa hivyo. Cheni, sproketi, breki shuu, waya wa breki, tairi na shokapu huisha haraka, na dereva anayelipa mkopo kila wiki hawezi kuegesha siku mbili akisubiri kipuri. Anataka kilichopo, leo, kwa bei anayoimudu.

Kinachopatikana hushuka kwa ngazi. Kontena hutoka India au China, hupita Mombasa na mpaka wa Malaba, na mzigo huishia kwa wauzaji wa jumla wa katikati ya jiji. Kutoka hapo unasambaa Kisekka, soko la spea ambalo Kampala nzima inalijua, na mitaa ya jirani, kisha Katwe na Ndeeba, hadi vibanda vya Kalerwe na Kamwokya chini ya mlima wa Mulago. Kila ngazi inaongeza bei kidogo na inapunguza habari sana. Katoni iliyofika na namba ya toleo la kiwanda hufunguliwa, vipuri vinamwagwa kwenye beseni au kutundikwa kwenye msumari, na vikifika kwa fundi vimebaki chuma kitupu bila jina.

Mafundi hugawa spea kwa maneno machache: orijino, kopi na feki. Mgawanyo huo una maana zaidi kuliko unavyoonekana. Spea isiyotoka kwa mtengenezaji wa pikipiki si lazima iwe mbovu. DID ya Japani na Rolon ya India ni viwanda vya cheni vyenye heshima, na mtu anaweza kufunga cheni yao akalala usingizi. Feki ni habari nyingine: ni kipuri kilichovaa jina la mwingine ili mnunuzi asiulize. Katikati yao kuna kundi kubwa linalonitia wasiwasi kuliko yote, la spea zenye majina halali ambayo hakuna aliyeyasikia, ambazo hazijaiba chapa ya mtu wala hazina kiwanda kitakachopokea simu zikivunjika.

Ubovu wa spea hizo unaeleweka kwa anayejua zinavyotengenezwa. Breki shuu ni upinde wa aluminiamu uliobandikwa utando wa kusugua ngoma. Utando ule hushikwa kwa gundi inayokaangwa kwa joto na shinikizo kiwandani. Gundi ikiwa hafifu, joto la kushuka mlima na maji ya dimbwi huutenganisha na chuma. Kipande kikibanduka ndani ya ngoma, breki hupotea kabisa, au gurudumu hujifunga ghafla na pikipiki ikaserereka. Cheni nayo: namba 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za daraja hili, ina pingili za milimita 12.7, na nguvu yake inategemea jinsi chuma kilivyopikwa na kupozwa. Kisichopikwa vizuri hurefuka wiki chache tu, huruka meno ya sproketi, na kikikatika kwa bahati mbaya hujisokota kwenye gurudumu la nyuma. Dukani cheni nzuri na mbovu zinang'aa sawa.

Nchi nyingine zina njia ya kushughulikia kosa kama hilo: mtengenezaji anatangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, anawatafuta walionunua, na anabadilisha bila malipo. Marekani iliiweka katika sheria ya magari ya mwaka 1966, na pikipiki za porini zisizoruhusiwa barabarani zikaangukia mikononi mwa tume ya usalama wa bidhaa iliyoundwa mwaka 1972. Desemba 2019 Brembo ya Italia, jina kubwa kuliko yote katika breki za pikipiki, ilitangaza kasoro kwenye pampu zake za breki za PR16: pistoni ya plastiki ndani yake iliweza kupasuka. Aprilia, Ducati na KTM ziliita pikipiki zao, pistoni ya aluminiamu ikafungwa badala yake. Pampu ile ni ya bei ya juu, na walionayo ni matajiri. Hata hivyo kampuni ilijua imemuuzia nani.

Uganda ina watu wanaoishi ndani ya mfumo huo tayari. Wanaoshindana kwenye viwanja vya motokrosi vya Garuga na Busiika huendesha KTM na aina nyingine za Ulaya na Japani, na mwenye KTM anaweza kuingiza namba ya fremu kwenye tovuti ya kiwanda akaambiwa papo hapo kama yake inahusika na wito wowote. Anaruka vilima vya udongo laini, amevaa kinga mwili mzima, gari la wagonjwa likimsubiri pembeni. Anayebeba mama mjamzito kwenda Mulago usiku hana pa kuuliza. Tofauti hiyo inaniuma.

Serikali haijakaa kimya. Shirika la Viwango, UNBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Tangu 2013 linataka bidhaa nyingi zikaguliwe nchini zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Maofisa wake hupita madukani, hukamata, huteketeza. Kazi hiyo ni ya lazima na ni ya hatari, kwa kuwa wenye mizigo hawafurahi. Lakini cheti cha ukaguzi huo kinahusu shehena nzima na hutegemea sampuli, na msako huishia kwenye rafu. Breki shuu mia tano zilizokwisha kuuzwa wiki iliyopita ziko kwenye magurudumu mia mbili na hamsini kati ya Kubiri na Gayaza, na msako hauzifikii.

Sheria za wengine nazo hazifiki mbali. India ilibadilisha sheria yake ya magari mwaka 2019, na tangu Aprili 2021 serikali yake inaweza kumlazimisha mtengenezaji kurejesha magari yenye kasoro. Nguvu hiyo ni ya barabara za India, haivuki bahari pamoja na Boxer. Tanzania ilitangulia kuweka usalama wa bidhaa na urejeshaji wake katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji Huduma ya 2017, inayotaka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake. Inamsaidia mwenye risiti, mwenye kipuri chenyewe mkononi, na mwenye pesa za wakili. Majeruhi wa boda huwa hana hata moja kati ya hivyo vitatu. Bima ya mtu wa tatu, ile ya stika, imewekewa kikomo cha shilingi milioni moja kwa kila aliyeumia, kiwango kilichowekwa na sheria ya mwaka 1989. Gharama ya vyuma vya kuunga paja haiishii hapo.

Wafanyabiashara huniambia kwamba kurejesha spea Kampala ni ndoto, kwa sababu hakuna anayejua nani alinunua nini. Nusu ya jibu hilo si kweli. Mamlaka ya Mapato ilianzisha mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, mwaka 2021, na unanakili mauzo ya kila aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Aprili 2024 wenye maduka jijini walifunga milango kuupinga, na malalamiko yao kuhusu adhabu yalistahili kusikilizwa. Ila mfumo unaoweza kumwonyesha mkusanya kodi katoni ilipotoka kwa mwagizaji kwenda kwa muuzaji wa jumla unaweza kuionyesha UNBS njia hiyo hiyo. Unapokatikia ni chini: anayeuza pungufu ya shilingi milioni 150 kwa mwaka halazimiki kujisajili, na vibanda vya spea vimejaa humo.

Ngazi ya mwisho wanaijua watu wengine. Boda nyingi hununuliwa kwa mkopo kupitia kampuni kama Tugende na Watu. Mkopeshaji hushika kadi ya pikipiki hadi deni liishe, anajua namba ya injini, anajua simu ya dereva, na anajua haraka malipo yakichelewa. Ana sababu ya kibiashara ya kuogopa breki mbovu, kwa kuwa pikipiki iliyogongwa hairudishi mkopo. Ujumbe mmoja wa simu unaosema cheni za jina fulani zipelekwe kubadilishwa ungewafikia madereva wengi kabla gazeti halijachapwa. Viongozi wa stegi, yaani vituo vya boda, wangewafikia waliobaki, maana stegi ya boda ina daftari la wanachama hata pale duka halina la wateja.

Nani alipe? Mwagizaji, kwa maoni yangu, na kwa amana anayoiweka kabla shehena ya breki, cheni na tairi haijatoka bandari kavu. Bei itapanda kidogo, na dereva ataihisi. Sasa hivi anailipa bei hiyo kwa mguu wake, na mwenye ugonjwa mwingine anailipa kwa kusubiri zamu ya chumba cha upasuaji.

Pa kuanzia pasipohitaji sheria mpya ni mapokezi ya majeruhi Mulago, na Kiruddu na Kawempe zilizojengwa kuipunguzia mzigo. Dereva anayefika akiwa na fahamu aulizwe jambo moja zaidi: je, kuna kitu kilikatika au kilikataa kabla hujaanguka? Jibu liende kwa mkaguzi wa magari wa polisi, naye afungue gurudumu pikipiki ikiwa bado kituoni na ahifadhi alichokikuta. Majibu ya miezi michache yangeiambia UNBS ni breki shuu za jina gani ianze kuzipima, na katoni za mwagizaji gani.