TAA ZA NYONGEZA: ZIFUNGWE WAPI?



Wengi wetu hupelekwa shambani alfajiri, giza bado halijatoka, katika njia za udongo zenye mashimo. Ndiyo maana tunadai taa za nyongeza katika Landrova na malori ya shamba. Dai hilo ni la haki. Lakini taa iliyofungwa mahali pabaya huongeza hatari, kwa hiyo yafaa tujue tunachodai.

Juu ya paa. Hapa taa humulika mbali na haipigwi na mawe. Lakini penye vumbi, kama katika mashamba ya katani ya Tanga, au penye ukungu, kama katika chai ya Kericho na Mufindi, mwanga wake humrudia dereva machoni. Huona weupe mtupu. Tena hupiga juu ya boneti na kung'aa.

Kwenye bampa. Mwanga wa chini hupita chini ya macho ya dereva, na kivuli cha kila shimo huonekana mapema. Taa za ukungu mahali pake ni hapa. Zisizibe rejeta, maana injini itachemka. Ziwekewe wavu wa kukinga mawe. Kabla ya kuvuka maji zizimwe zipoe, kwani kioo cha moto kikipata maji baridi hupasuka.

Nyuma. Huku ndiko kunakosahauliwa. Wapakiaji wa miwa husimama nyuma ya gari linaporudi kinyumenyume, naye dereva hawaoni. Taa moja ya kazi, iliyoelekezwa chini, yaweza kuokoa maisha. Gari likiingia barabara kuu izimwe, pamoja na zile za paa, zisiwapofushe wengine.

Umeme. Taa 2 za wati 55 katika betri ya volti 12 hula ampea 9 hivi. Swichi ndogo na waya mwembamba vitaungua. Fundi aweke rilei, na fyuzi karibu na betri.

Gharama ni ya mwajiri; tusikubali dereva akatwe mshahara. Mkataba wa ILO namba 184 wa mwaka 2001 unawapa wafanyakazi wa kilimo haki ya kuarifiwa na kushauriwa juu ya usalama wao. Unasema pia kwamba mashine isiyotengenezwa kwa kubeba watu isibebe watu. Basi taa nzuri zisiwe kisingizio cha kutupandisha juu ya trela.

Kamati za matawi zikague magari usiku pamoja na madereva, ziandike upungufu, zimpelekee meneja barua na kubaki na nakala.