Naim, mnyanyua vyuma aliyekataa kuitwa Naum

Miongoni mwa haki za mtoto kwa wazazi wake ni kupewa jina jema. Siku ya saba tunachinja akika, tunamwita mtoto jina lake, tunamshukuru Mola. Ni wachache wetu wanaowaza kwamba yaweza kuja siku serikali ikabisha hodi na kulidai jina hilo.

Naim, jina ambalo asili yake ni moja na neno letu "neema", alizaliwa tarehe 23 Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, katika jamii ya Waturuki waliobaki huko tangu enzi za dola ya Uthmaniyya. Kimo chake kilikomea sentimita 147. Hata hivyo, kabla hajatimiza miaka 17 alikuwa amekwisha kuvunja rekodi ya dunia ya kunyanyua vyuma, na Bulgaria ikamwona kuwa ni hazina yake.

Mwishoni mwa mwaka 1984 serikali ya kikomunisti ya Todor Zhivkov iliamua kwamba nchini humo hakuna Waturuki. Askari walizingira vijiji, na Waislamu kwa mamia ya maelfu wakalazimishwa kuchukua majina ya Kibulgaria. Kusema Kituruki hadharani kulipigwa marufuku, tohara ya watoto ikawa kosa, na waliopinga walifungwa katika kambi ya Belene, wengine wakauawa. Hata mawe ya makaburi hayakusalimika. Bingwa naye hakuachwa: akageuzwa Naum Shalamanov. Medali zake zikawa zinatangazwa kwa jina ambalo baba yake, Süleyman, hakumpa. Nasi twajua kwamba Qur'ani, katika Suratul Ahzab, imeagiza watu waitwe kwa baba zao.

Desemba 1986, timu ikiwa Melbourne, Australia, kwa mashindano ya Kombe la Dunia, Naim aliwatoroka walinzi wake akajificha kwa Waturuki wa mji ule. Waziri Mkuu wa Uturuki, Turgut Özal, alimpelekea ndege iliyomchukua kutoka London hadi Ankara. Hapo akajiita Naim Süleymanoğlu, yaani mwana wa Süleyman.

Wapo watakaouliza: vipi kijana wa miaka 19 awaache wazazi mikononi mwa watawala wale? Swali hilo ni zito, wala hatulidharau. Lakini jamaa zake nao waliruhusiwa baadaye kuhamia Uturuki, na mwenye kubaki angeendelea kuwa pambo la wale waliomfutia ukoo wake.

Kanuni za michezo zilidai Bulgaria imridhie ndipo aiwakilishe nchi nyingine. Inasimuliwa kwamba Uturuki ililipa zaidi ya dola milioni moja. Septemba 1988 mjini Seoul, katika kundi la kilo 60, alinyanyua kilo 152.5 kwa mnyanyuo mmoja, kisha 190 kwa mnyanyuo wa hatua mbili, jumla 342.5. Hizo 190 ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake! Mshindi wa kundi lililo juu yake alipata 340.

Kiangazi cha mwaka 1989 Waturuki zaidi ya 300,000 waliihama Bulgaria. Novemba mwaka huo huo Zhivkov akaanguka, na mwezi uliofuata watawala wapya wakakubali kwamba watu warejeshewe majina yao.

Naim alitwaa tena dhahabu Barcelona mwaka 1992, na Atlanta mwaka 1996 baada ya kushindana vikali na Mgiriki Valerios Leonidis, 335 kwa 332.5. Sydney mwaka 2000 alijaribu kilo 145 mara tatu, zikamshinda. Maradhi ya ini yalimchukua tarehe 18 Novemba 2017 mjini Istanbul, akiwa na miaka 50. Leonidis alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake.