Nani Alijibiwa Simi-Simi?

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 24 Novemba 1964, ndege tano za jeshi la Marekani zilidondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, magharibi mwa mji ambao enzi hizo uliitwa Stanleyville na leo ni Kisangani. Waasi wa Simba walikuwa wameushika mji tangu Agosti, na mamia ya wageni walikuwa mateka wao. Askari wakiwa bado njiani kutoka Simi-Simi, waasi waliwatoa mateka Hoteli Victoria, wakawaketisha barabarani, kisha wakawamiminia risasi. Takriban 20 walikufa. Mmoja wao alikuwa Paul Carlson, daktari mmisionari Mmarekani aliyekuwa akitibu wagonjwa huko Wasolo, Ubangi; alipigwa risasi akijaribu kuparamia ukuta, na waokozi walifika dakika chache baadaye. Kwa operesheni hiyo, pamoja na ile iliyofuata Paulis, mji tunaouita Isiro sasa, wageni wapatao 2,000 walisafirishwa wakiwa hai.

Habari ya namna hii ikifika madhabahuni hugeuka ushuhuda mara moja: tuliomba, na mbingu zikafunguka, safari hii kwa miavuli hasa. Sina ugomvi na shukrani ya aliyeokoka. Ugomvi wangu ni na hesabu inayofichwa chini yake. Kama miavuli ya Simi-Simi ilikuwa jibu la Mungu kwa waliopona, basi ukuta ule ulikuwa jibu lake kwa Carlson, na kimya kilikuwa jibu lake kwa Wakongo. Maana Wakongo hawakutumiwa ndege. Wako waliouawa na waasi mbele ya mnara wa Lumumba, na wako waliouawa na jeshi la serikali na mamluki baada ya mji kutwaliwa tena. Idadi yao haina makubaliano hadi leo. Wengi wao walikuwa watu waliobatizwa, waliojua kusali kama mateka wa hotelini walivyojua. Anayetaka kusoma sauti ya Mungu katika matukio sharti ayasome yote, na akishayasoma yote atajikuta na Mungu anayependelea wenye pasipoti. Ni afadhali kukiri kwamba matukio hayasomeki hivyo, na kwamba imani iliyojengwa juu ya usomaji huo itaanguka siku ambayo ndege haitakuja.

Imani basi ijengwe juu ya nini? Kalenda ya Kanisa lenyewe inajibu vizuri kuliko mahubiri mengi. Siku tano baada ya Simi-Simi ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu aliuawa kwa kumkataa Kanali Olombe. Alikuwa na umri wa miaka 24. Masista wenzake waliochukuliwa naye walikuwa wamesali sala zilezile. Wao walibaki hai. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985, mjini Kinshasa, lakini halikudai kwamba limepata sababu iliyofanya usiku ule yeye afe na wenzake wapone. Halafu tazama Juni 2000. Majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kuanzia Jumatatu tarehe 5 hadi Jumamosi tarehe 10, vita ambavyo wenyeji wanaviita vya siku sita. Umoja wa Mataifa ulikadiria raia 760 waliouawa na 1,700 waliojeruhiwa. Makombora yaliyoanguka yanahesabiwa kuwa zaidi ya 6,600. Jumapili iliyofuata, tarehe 11, ilikuwa Pentekoste. Maana yake vita viliangukia ndani ya novena, siku ambazo Wakristo hukumbuka mitume waliofungiwa ghorofani: Bwana amekwisha kupaa, Roho bado hajashuka.

Sisemi kwamba tarehe hizo zilipangwa; huko kungekuwa kurudia kosa nililolikataa hivi punde. Nasema kwamba dini hii imetenga ndani ya mwaka wake siku za Mungu kutosikika. Majilio ni hizo. Jumamosi Kuu, altare ikiwa tupu, ni hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila ule ubeti wa sifa ambao zaburi nyingine za huzuni huwa nao mwishoni, na hakuna mhariri wa kale aliyethubutu kuuongeza. Yesu mwenyewe msalabani aliazima maneno ya Zaburi ya 22 kuuliza kwa nini ameachwa, na Injili ya Marko haimpi jibu kutoka juu. Kwa hiyo mtu wa Kisangani aliyelala chini ya kitanda na watoto wake ile Juni, akiuliza Mungu yuko wapi, hakuwa ametoka nje ya imani. Alikuwa mahali ambapo imani hiyo ilikwisha kufika kabla yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vyumba vya maombi vilivyojaa mijini mwetu. Humo kimya cha Mungu kina maelezo tayari: hujafunga vya kutosha, hujapanda mbegu, kuna laana ya ukoo, kuna mchawi nyumbani, na mara nyingi mchawi huyo ni mtoto au bibi kizee. Kila maelezo yana bei yake. Wanaoyatetea husema yanawapa watu tumaini na kitu cha kufanya, na ni kweli kwamba mgonjwa asiye na dawa hupenda kuambiwa jambo lolote kuliko kuambiwa asubiri. Lakini kitabu cha Ayubu kilishaipima dawa hiyo. Rafiki zake watatu walimtetea Mungu kwa kumtafutia Ayubu kosa, na mwisho wa kitabu ni wao waliokaripiwa; Ayubu, aliyemshitaki Mungu waziwazi, ndiye aliyeambiwa kwamba amesema sawa, na ndiye aliyeagizwa kuwaombea. Mchungaji anayemwambia mjane kwamba mumewe alikufa kwa upungufu wa imani anakalia kiti cha rafiki hao.

Asiyeamini atauliza swali gumu zaidi, na halifai kukwepwa. Kimya cha Mungu aliyepo na kimya cha Mungu asiyekuwepo vinatofautianaje? Kwa masikio, havitofautiani. Sidhani kuna hoja inayoweza kumlazimisha mtu avuke hapo, na wanaodai wanayo huwa wanauza kitu. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi: kilio chenyewe kinasimama juu ya dai. Anayelalamika kwamba jirani alichinjwa bila haki anadai kwamba haki ilistahili kuwepo, na kwamba yupo wa kuulizwa. Ukimwondoa wa kuulizwa, machungu yanabaki palepale, ila malalamiko yanakosa anwani. Hilo halithibitishi kwamba Mungu yupo. Linaonyesha tu kwamba anayeendelea kumlalamikia si mjinga anayejifariji. Faraja rahisi ingekuwa kuacha kuuliza. Helen Roseveare, daktari Mwingereza wa Nebobongo aliyepigwa na kubakwa na waasi mwaka uleule wa 1964, alirudi Kongo mwaka 1966 kuendelea na kazi, na aliposimulia baadaye hakudai kwamba alikuwa ameelezwa sababu.

Kuna pingamizi la tatu, na kwa Kongo ndilo lenye uzito: kusubiri kunalaza watu. Mafundisho ya uvumilivu yamewafaa watawala wa nchi hii kuliko wahanga wao, tangu wakoloni. Ni kweli, pale ambapo kusubiri kunahubiriwa bila kilio. Kilio humtaja mtenda maovu. Laurent Monsengwo, aliyekuwa askofu mkuu wa Kisangani tangu 1988 hadi 2007, ndiye aliyeongoza Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ule wa kuipeleka nchi kwenye demokrasia, chini ya pua ya Rais Mobutu. Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai mkutano huo, uliokuwa umefungwa na serikali, ufunguliwe tena, na askari wakawaua baadhi yao kwa risasi. Hao hawakuwa watu waliolazwa na sala. Na kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, iliyofunguliwa The Hague mwaka 1999, ilitolewa hukumu mwaka 2005, na fidia ya dola milioni 325 ikaamriwa Februari 2022, karibu miaka 22 baada ya makombora. Wapo waliokufa wakiingoja. Mtu aliyezoea kumdai Mungu bila kuchoka ana mazoezi ya kuzidai mahakama, na pia kuwadai wale waliokabidhiwa fedha hizo wazigawe.

Hayo yote yanagusa jambo moja dogo la ibada. Makanisani Kisangani, na si Kisangani tu, kipaza sauti hupewa mwenye ushuhuda: aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata mtoto. Aliyezika mtoto wake hukaa kwenye benchi na kupiga makofi. Waliokimbia mapigano ya jamii za Wambole na Walengola katika tarafa ya Lubunga, hapohapo Kisangani, tangu 2023 wamekaa kwenye mabenchi hayo wakisikiliza jinsi wengine walivyojibiwa. Zaburi za kilio zipo katika kila Biblia, za Kiswahili na za Kilingala, na hazihitaji ruhusa ya sinodi kusomwa kwa sauti. Mchungaji anaweza kuanza Jumapili ijayo: baada ya ushuhuda, amwite mbele ambaye hajajibiwa, aseme anachokingoja na amekingoja tangu lini, na kanisa lisimfanyie maombezi ya haraka ya kumnyamazisha.