Gunia iko na etiketi, na mutoto je?

Ninyi wachimbaji munajua vizuri: gunia ya coltan haiuzwe kwa njia ya sheria bila etiketi. Mchimbaji anaombwa karte yake, negosia naye yake. Lakini mutu akifungua nyumba huku Mugunga na kusema anachunga watoto wenye ulemavu, nani anamuomba karte?

Tunauliza hivi juu wengi wenu wanapanda Rubaya kwa majuma mengi, mutoto anabaki mikononi mwa wengine. Na vita imeongeza watoto hao. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi hapa Mugunga na Lac Vert, yakaua na kujeruhi, watoto pia.

Sheria iko. Ile ya 10 Januari 2009 inamupa mutoto mwenye ulemavu haki ya kulindwa na kupata matunzo yanayomufaa. Ile ya 3 Mei 2022 inalinda watu wote wenye ulemavu. Shida ni hapa: shirika likikuonyesha karatasi ya «personnalité juridique», ile ya sheria ya 2001, karatasi hiyo inasema tu kwamba serikali inalitambua. Haiseme nani analala na watoto usiku, wala kama yule anayewanyoosha viungo alisomea ile kazi.

Tuangalie mguu wa bandia. Mutoto anakua: mguu wa leo, kiisha miezi 6 ao mwaka moja, haumuenee tena. Mwenye kumupa moja, akapiga foto na kwenda zake, amemuachia shida ingine. Kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma kinafanya ile kazi, na CICR imekisaidia. Kipimo cha kazi nzuri ni hiki: mutoto anarudi, anapimwa tena, anarekebishiwa.

Basi tunaomba Divizio ya Mambo ya Jamii iandike kila nyumba inayopokea watoto hawa, itembelee bila kutoa habari mbele, na ibandike majina ku kartie.

Na wewe mzazi, usingoje. Kabla ya kupanda, uliza: nani anabaki na mutoto usiku? Naweza kuingia saa yoyote? Nikiwa na lalamiko, nione nani? Wakikukataza kuingia, ondoka na mutoto wako. Hata shimo huingie bila kuangalia miti inayolishikilia.