Uji Mwepesi, Ugali Mzito

Jiwe la kusugulia visigino, lile la asili lenye vitundu, waweza kulinunua hata huku kwetu Bunju, ambako ukichimba unakutana na mchanga na mawe ya matumbawe, si ya volkano. Litie kwenye ndoo ya maji, litaelea. Vile vitundu ni mapovu ya gesi yaliyogandia humo jiwe likiwa bado uji wa moto, na gesi hiyo ndiyo inayoamua kama volkano itatiririka au italipuka.

Msonga ugali analijua jambo hili. Uji mwepesi ukichemka, mapovu hupanda yakapasuka kimya kimya. Ugali ukishakuwa mzito, mvuke hunaswa chini, kisha hufumuka na kurusha tone linalounguza mkono. Mawe yaliyoyeyuka ni hivyo hivyo: yenye madini ya silika kidogo huiachia gesi ipite, yenye silika nyingi hunata na kuibana mpaka ipasue.

Uji mwepesi hutandaa mbali na kujenga mlima mpana kama ngao iliyolazwa, mfano Nyamuragira huko Kongo. Mzito hurundikana na majivu, tabaka juu ya tabaka, kama Meru. Ngorongoro ni mlima uliotapika akiba yake, kilele kikatumbukia ndani na kuacha shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 19.

Ila umbo hudanganya. Nyiragongo una miteremko mikali, lakini uji wake ni mwepesi mno. Tarehe 17 Januari 2002 uliingia hadi katikati ya mji wa Goma.

Na Oldoinyo Lengai wetu, mlima mtakatifu wa Wamaasai, hauna mwenzake duniani. Lava yake, yaani uji wa mawe unaotoka nje, karibu haina silika kabisa. Ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, takriban nusu ya lava ya Hawaii. Hutoka nyeusi, hutiririka kama mafuta, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe baada ya siku chache. Ungeuita mlima mpole. Lakini Julai 2007 ardhi ya jirani ilitetemeka, watu wakaisikia hadi Nairobi, na Septemba mlima ukarusha majivu juu angani. Uji mwingine wa mawe, wenye silika, ulikuwa umepanda na kuchanganyika na ule mwepesi, gesi ikafumuka. Sehemu kubwa ya mlima ule uliochongoka imejengwa na milipuko ya namna hiyo. Lava nyepesi imeupaka juu tu.