Bwate otomatiki ikigoma, musikimbilie kuifungua



Gari mingi zenye kubeba mavuno yetu zimetumiwa kwanza Japani, kisha zinapita ku bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam mbele ya kufika huku kwetu. Kati yao, kuko zenye haziko na pedali ya ambrayaji: bwate inabadilisha vitesi yenyewe. Shofere anapenda, sababu mukono na muguu vinapumuzika. Lakini siku bwate inagoma, kamati inaogopa, na iko na haki ya kuogopa. Kununua bwate ingine kunaweza kula faida ya musimu muzima, na mara ingine kosa lilikuwa ku waya moja tu.

Katika makala hii tunaeleza namna bwate hiyo inafanya kazi, kusudi siku fundi anawaambia "bwate imekufa", mujue maulizo ya kumuuliza.

Tunachukua mufano wa bwate moja yenye kujulikana sana: A340, yenye kutengenezwa Japani na kampuni Aisin-Warner. Tangu miaka ya 1980 iliwekwa mu gari mingi za Toyota. A340E ni ya gari zenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma. A340F ni ya zenye kusukumwa na magurudumu yote ine. Munaweza kuikuta mu pikapu, mu Hilux Surf na mu gari ndogo za muji. Fungueni kapo, mutafute kibati chenye habari za gari. Ku mustari wenye kuandikwa TRANS/AXLE, hapo njo mutasoma jina la bwate yenu.

Mafuta njo yanafanya kazi, umeme njo unaamuru

Kati ya moteri na bwate kuko konvertisere, chombo cha muviringo chenye kujaa mafuta. Moteri inazungusha mafuta, mafuta yanasukuma mapanga ya upande wa pili, na gari inaenda. Njo maana gari inaweza kusimama na freni bila moteri kuzimika.

Mafuta hayo hayo yanakaza disiki zenye kuwa ndani ya bwate. Disiki hizi zikikazwa, munapata vitesi ya 1. Zingine zikikazwa, munapata ya 2. Ku vitesi ya 1, moteri inazunguka karibu mara 2,8 kusudi kardani izunguke mara moja: nguvu mingi, mwendo kidogo. Ku ya 2 ni karibu mara 1,5. Ku ya 3 zinazunguka sawasawa. Ku ya 4 kardani inazunguka haraka kupita moteri. Hiyo ni vitesi ya njia ya tambarare, haiko na nguvu ya kupandisha mulima.

Nani anachagua? Ni kompyuta ndogo. Inauliza mambo mawili makubwa: gari inakimbia namna gani, na shofere amekanyaga akselerateri kiasi gani. Kisha inatuma umeme ku elektrovalve mbili. Elektrovalve ni sawa robine ndogo yenye kuendeshwa na umeme. Robine mbili zinatosha kwa vitesi ine:

- Vitesi ya 1: robine ya kwanza inapata umeme, ya pili haipati.
- Vitesi ya 2: zote mbili zinapata.
- Vitesi ya 3: ya kwanza haipati, ya pili inapata.
- Vitesi ya 4: hakuna hata moja yenye kupata.

Muangalie vizuri mustari wa mwisho. Kama umeme hauko, bwate inaingia ku vitesi ya 4.

Umeme ukikatika njiani

Tuseme gari ya koperative imebeba magunia ya kahawa. Panya amekula waya, ao plagi ya waya imeingia maji. Shofere anaweka D, na gari inataka kuondoka ku vitesi ya 4. Moteri inalia, gari inaenda polepole, na ku mulima inashindwa. Kila mutu anasema disiki zimeungua. Kumbe disiki ziko nzima!

Wenye kutengeneza bwate hiyo walifikiria siku kama hiyo. Mukono wa vitesi umefungwa ku bwate na chuma, haupitii ku kompyuta. Kama robine zote mbili hazipati umeme, bwate inafanya hivi:

- Mukono ku L: vitesi ya 1
- Mukono ku 2: vitesi ya 3
- Mukono ku D: vitesi ya 4
- R inafanya kazi kama kawaida.

Basi shofere anaweza kuondoka ku L, kisha 2, kisha D, na kufikisha muzigo nyumbani. Lakini asirudishe mukono ku L wakati gari inakimbia.

Jambo hilo ni kipimo pia. Kama ku L gari inaondoka na nguvu, lakini ku D iko zaifu, mutafute kosa ku umeme mbele ya kugusa disiki.

Mambo matatu mbele ya kufungua bwate

*Kwanza, mafuta.* Gari ikuwe imetembea na iko na moto, isimamishwe pa tambarare, moteri iendelee kuzunguka. Mukanyage freni, mupitishe mukono ku kila nafasi kutoka P mpaka L, murudishe ku P. Kisha muvute kile chuma cha kupimia mafuta. Mafuta yafike ku alama ya HOT. Yakiwa mekundu, ni muzuri. Yakiwa meusi na yanatoa harufu ya kuungua, disiki zimeumia. Yakifanana na maziwa, maji ya radiateri yameingia, na gari isitembee tena. Mutie tu mafuta yenye jina lake limeandikwa ku chuma hicho ao mu kitabu cha gari. Ku gari mingi za zamani za Toyota ni Dexron II ao III. Musitie hata siku moja mafuta ya moteri.

*Pili, taa.* Kompyuta ikiona kosa ku umeme wa bwate, taa ya O/D OFF mbele ya shofere inawaka na kuzimika. Ku gari mingi za miaka ya 1990, fundi anaunganisha TE1 na E1 ku plagi ya kupimia, na taa inahesabu namba ya kosa. Ikiwaka mara 6, ikapumuzika, ikawaka mara 2, hiyo ni 62: robine ya kwanza ao waya yake. 63 ni robine ya pili. 42 na 61 ni vyombo vya kupima mwendo wa gari. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kuijua, sababu kukosea tundu kunaweza kuharibisha kompyuta.

*Tatu, waya.* Fundi apime robine hizo mbili na mutambo wa umeme. Kila moja ionyeshe kati ya omu 11 na 15. Kama moja haionyeshi kitu, waya imekatika ao robine imekufa. Kubadilisha robine si sawa na kubadilisha bwate nzima.

Joto njo linaua bwate

Makosa ya umeme yanatengenezwa. Disiki zenye kuungua hazirudi. Basi shofere afuate haya:

- Ku mulima na muzigo, afinye butoni ya O/D, taa ya O/D OFF iwake, kusudi bwate isiingie ku vitesi ya 4.
- Ku muteremuko murefu, apunguze mwendo kwanza, kisha atumie 2 ao L. Asiachie freni peke yake kazi yote.
- Akisimama pa kupanda, ashike gari na freni, hapana na akselerateri.
- Gari ikizama mu matope, asikanyage sana magurudumu yakizunguka bure. Ashuke, achimbe, aweke majiwe.
- Moteri ikikataa kuwaka, musisukume gari. Pompi ya bwate inazungushwa na moteri, basi kusukuma hakuwezi kuiwasha.
- Mukivuta gari yenye kukufa, muinue magurudumu ya nyuma ao mufungue kardani. Ile ya magurudumu ine, muibebe juu ya gari ingine. Bila moteri, mafuta hayafiki ndani ya bwate, na vyuma vinasagana.

Kwa kamati

Mbele ya kutia sahihi ili feza itoke, muombe fundi awaonyeshe mambo matatu: rangi ya mafuta, namba ya kosa, na kipimo cha robine. Muandike yote mu kitabu cha gari, pamoja na tarehe. Fundi muzuri hatakasirika. Feza ya koperative ni jasho la kila mwanamemba, na kuuliza mbele ya kulipa si zarau.