Uzi wa Viatu vya Idi

Kumi la mwisho la Ramadhani, Deira hailali. Ukishuka kituo cha metro cha Baniyas Square baada ya tarawehe, ukakata kuelekea Naif, utakuta maduka ya nguo yamewasha taa hadi saa nane za usiku, na kina dada wa Mombasa, Unguja na Tanga wakivutana bei na wauzaji wa Kihindi na Kipakistani, ambao kwa kutuuzia miaka na miaka wameshajua kusema “karibu dada”. Kila mmoja wetu anamnunulia mtu asiye naye.

Nyumbani ungemshika mtoto mkono, ukampeleka dukani, akajaribu. Huku Dubai unanunua kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haikui. Mwaka wangu wa kwanza nilimnunulia binti yangu gauni la umri niliomwacha nao. Halikupita mabegani. Mama akampa mtoto wa jirani, wala hakuniambia. Nilikuja kulijua hilo baada ya miezi.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu. Mama humkanyagisha mjukuu wake karatasi ya daftari, akauzungushia unyayo kalamu, kisha akapima kwa uzi wa cherehani kutoka kisigino hadi kidole gumba, akakata na kupiga fundo. Uzi huo hunijia ndani ya bahasha kwa mkono wa msafiri. Dukani nauingiza ndani ya kiatu, naunyoosha, naacha nafasi ya kidole kimoja. Namba sizijali tena, maana 31 ya kiwanda hiki siyo 31 ya kile.

Hela ya nyama, mchele na unga wa kaimati naituma kwa simu. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.67, kwa hiyo shilingi ikishuka, mshahara uleule hutoa shilingi nyingi zaidi Tanga. Wapo wenzangu wanaojaza begi mafuta ya kupikia na maziwa ya unga. Nawaelewa, lakini mashirika mengi ya ndege hayapokei zaidi ya kilo 23 kwa begi, na mimi kilo hizo naziwekea vile tu ambavyo hela haiwezi kuvifikisha. Mzigo wa meli huchukua wiki kadhaa, nao mwezi wa Shawwal haumngoji mtu.

Mwaka huu mama nimemchukulia hereni Soko la Dhahabu. Pale bei ya gramu imeandikwa ubaoni na haina mjadala. Bishania ujira wa sonara, ndipo penye nafasi. Na ile kodi ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018, mtalii hurudishiwa akiondoka. Mwenye viza ya kazi harudishiwi, asipoteze muda kupanga foleni uwanjani.

Kufunga mzigo nako kuna jambo. Tangu Juni 1, 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na mgeni hutakiwa kuiacha pale pale uwanja wa ndege. Inauma kuona zawadi uliyoipanga ikimwagwa mezani mbele ya watu. Mimi hufunga kila kitu kwa mitandio, na mitandio yenyewe ni zawadi za mashangazi.

Viatu niliviacha mwisho. Ilikuwa usiku, duka dogo, viatu vyeupe vya kamba moja na kifungo. Muuzaji hakuniuliza ule uzi ni wa nini. Alikiinamisha kiatu kwenye taa ili nione fundo linafika wapi. Watoto wake, aliniambia, wako Kerala.

“Wako ana miaka mingapi?”

Nikamjibu saba. Nilikuwa nimeshapanda metro, mfuko uko mapajani, nilipokumbuka kwamba alitimiza minane mwezi wa Rajabu.